Nimelipa kodi ya miezi 6, mwenye nyumba anadai nyongeza katikati. Je, nilipe?

Swali: Nimepanga chumba na sebule Nyasaka, Ilemela, jijini Mwanza, kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Hatukuandikishana mkataba. Tarehe 1 Machi nilimtumia mzee mwenye nyumba 480,000 kwa M-Pesa, kodi ya miezi 6. Katikati ya Mei ameniita na kuniambia kwa mdomo kwamba kuanzia Juni kodi ni 120,000, kwa kuwa maji ya MWAUWASA yameingia na barabara imechongwa. Anataka nimwongezee 120,000 kwa ajili ya Juni, Julai na Agosti, la sivyo nitoe vyombo ndani ya siku 14. Mwaka jana niliweka dari ya jipsamu kwa 260,000 kwa ruhusa yake, akasema tutakatana kwenye kodi. Hatujakatana mpaka leo. Anaruhusiwa kufanya hivi? Nifanyeje?

Jibu: Hiyo 120,000 usilipe, na vyombo usitoe. Juni, Julai na Agosti umeshazilipia kwa bei mliyokubaliana, na fedha ameipokea. Maji kuingia na barabara kuchongwa ni sababu nzuri za kuzungumzia bei ijayo, lakini hazibadilishi bei ya miezi iliyokwisha kulipiwa. Kuanzia Septemba ndipo hali inabadilika, na hapo msimamo wako si imara kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo una kazi mbili: kulinda miezi 3 iliyobaki, na kujipanga kwa Septemba kuanzia sasa.

Kwanza ondoa hofu ya kutokuwa na karatasi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata kama ulifanyika kwa mdomo. Mlikubaliana chumba, bei na muda, ukalipa, ukakaa: huo ni mkataba. Na mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Chini ya Sheria ya Mikataba, masharti mapya yanahitaji ridhaa ya wote wawili. Mwenye nyumba anaweza kuomba nyongeza katikati ya kipindi, nawe unaweza kukataa, na kukataa kwako hakuvunji mkataba.

Udhaifu wako uko kwenye ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina, kiasi na tarehe, lakini hauonyeshi fedha ilikuwa ya nini. Mkifika mbele ya baraza la ardhi mzee akasema 480,000 ilikuwa kodi ya miezi 4 kwa 120,000, hesabu yake nayo inaingia sawasawa. Ziba pengo hilo mapema, kabla hamjagombana. Mtumie ujumbe wa kawaida, wa heshima, ambao atapenda kuujibu:

"Shikamoo mzee. Nimeyasikia uliyoniambia kuhusu kodi. Kama unavyokumbuka, tarehe 1 Machi nilikutumia 480,000, kodi ya miezi 6 kwa 80,000, kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti. Naomba bei mpya tuizungumze kwa ajili ya Septemba. Lini utakuwa na nafasi?"

Akijibu hata kwa "Marahaba, njoo Jumapili", bila kupinga hesabu, umepata kitu cha kuonyesha. Akijibu kwa kupiga simu, baada ya simu mtumie ujumbe mwingine wa kurudia mliyoongea. Piga picha ya skrini, na ujumbe wa M-Pesa usiufute. Simu zinaibiwa na kuanguka majini, kwa hiyo tuma nakala kwa barua pepe yako au kwa ndugu, kisha chapisha moja kwenye steshenari. Kama ulishawahi kulipa kwa bei hiyohiyo ya 80,000 kabla ya Machi, tafuta ujumbe wa malipo hayo pia. Mfululizo wa malipo yanayolingana una nguvu kuliko shahidi mmoja.

Sasa hizo siku 14. Kama hakuna mkataba wa maandishi wenye kipengele cha notisi, kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ndicho kinachoongoza. Upangaji usiotajwa mwisho wake unahesabiwa kuwa wa kipindi, na kipindi kinafuata kodi inavyolipwa. Atakayetaka kuuvunja, mwenye nyumba au mpangaji, lazima atoe notisi isiyopungua kipindi hicho, tena iishie siku ya kulipa kodi. Siku 14 kuanzia katikati ya Mei hazitimizi sharti lolote kati ya hayo.

Hapa wapangaji wengi wanateleza. Mmoja atakuambia notisi ni miezi 3 kwa kila mtu, mwingine atadai kwa kuwa unalipa miezi 6 basi unastahili notisi ya miezi 6. Miezi 3 ni notisi ya mikataba mingi ya maandishi, ambayo wenyewe waliamua kuiandika humo. Haipo kwa mpangaji wa mdomo kwa kuwa tu imezoeleka. Na hoja ya miezi 6 ina upande wa pili: bei yenu ilitajwa kwa mwezi, hivyo mzee anaweza kusema kipindi ni mwezi na wewe ulilipa mingi kwa mpigo. Usijenge ngome yako juu ya hoja inayoweza kuvunjwa. Simama pale ambapo tafsiri zote mbili zinakubaliana: Agosti 31 haiguswi, na notisi yoyote ya kuondoka haiwezi kupungua mwezi mzima. Ukiyashika haya mawili, hata mbele ya mwenyekiti wa mtaa asiyejua sheria utaeleweka.

Je, kuanzia Septemba anaweza kukupandishia kwa asilimia 50? Ndiyo, anaweza kuitaja bei hiyo. Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya 1984, iliyokuwa na mabaraza ya nyumba ya kuangalia kodi halali ya nyumba. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Tangu hapo bei ya pango ni makubaliano, na hakuna kiwango cha juu wala asilimia maalumu ya nyongeza. Anayekuambia nyongeza isizidi asilimia 10 anakupa matumaini ambayo baraza halitakupa. Haki uliyonayo ni ya utaratibu: kuambiwa kabla, kupewa muda, kukubali au kukataa, na kutotolewa kwa nguvu. Haki hiyo si ndogo, maana muda ndio unaokupa nafasi ya kujadiliana.

Na majadiliano yanataka hesabu. Hii ya kwanza mpelekee mzee kwa upole. Kwa 80,000, miezi 6 inampa 480,000. Kwa 120,000, chumba kikikaa kitupu miezi 2 tu akitafuta mpangaji, anabaki na miezi 4, ambayo ni 480,000 ileile. Hapo hujagusa rangi ya kupaka upya wala kitasa kipya, ambavyo mpangaji anayelipa 120,000 atavidai. Ukimpa 95,000 bila chumba kulala, anapata 570,000. Mwenye nyumba mwenye busara ataona kwamba mpangaji anayelipa kwa wakati kwa 95,000 anamfaa kuliko bango la "chumba kinapangishwa".

Ya pili ni yako mwenyewe. Tuseme umepata chumba kingine cha 90,000 Kiseke au Buswelu. Utadaiwa 540,000 ya miezi 6, dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi, yaani 90,000, halafu kuna kirikuu ya kuhamisha vyombo na nauli mpya ya kila siku kwenda kazini. Ukibaki hapo kwa 95,000, umezidi chumba hicho kwa 30,000 tu ndani ya miezi 6. Ukibaki kwa 120,000, umezidi kwa 180,000, na hapo kuhama kunaanza kuwa na maana. Mahali fulani kati ya namba hizo mbili ndipo mwisho wako ulipo. Uujue kabla hujaenda kuketi na mzee, na usiutaje wewe kwanza.

Kabla ya kikao pita mtaani uulize watu 4 au 5 wanaokaa kwenye chumba na sebule kama chako wanalipa ngapi sasa. Uliza wapangaji, usiulize madalali. Angalia vitu vinavyofanana: choo cha ndani au cha nje, maji ya bomba uani au kisima, gari linafika au unapanda mawe. Hapa Mwanza hilo la mwisho linabadilisha bei kuliko watu wa miji tambarare wanavyoweza kuelewa. Nyumba iliyo chini barabarani na ile iliyo juu ya mwamba, mtaa mmoja, hazina bei moja. Kama barabara iliyochongwa inaishia mbali na mlango wako, hiyo ni hoja, itumie.

Mambo ya kuomba badala ya kung'ang'ania bei peke yake ni mengi. Unaweza kukubali 95,000 kwa sharti kwamba bei haitaguswa kwa miezi 12. Unaweza kuomba ulipe miezi 3 kwa mkupuo badala ya 6. Unaweza kuomba paa linalovuja litengenezwe kwanza, na hilo si fadhila: kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamwekea mwenye nyumba wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na kuu, na mifereji mikuu, hata kama hamkuyataja hayo kwenye makubaliano.

Kuna visingizio viwili vya kodi za serikali ambavyo huenda utavisikia. Cha kwanza ni TRA. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Hukatwa kutoka ndani ya fedha ya pango, haiongezwi juu yake. Cha pili ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni 1,500 kwa mwezi tangu 2023, sawa na 18,000 kwa mwaka, na ni deni la mwenye jengo. Kama mita iko kwako na wewe ndiye unayenunua umeme, umekuwa ukimlipia. Fungua ujumbe wa manunuzi ya LUKU, utaona makato hayo yameandikwa pembeni ya uniti. Jumlisha, uyaweke mezani.

Dari sasa. Hapa ahadi ya mzee ndiyo kila kitu. Mpangaji anayeboresha nyumba bila makubaliano ya kurudishiwa huwa hana dai, na dari ya jipsamu huwezi kuondoka nayo kama unavyoondoka na feni au simtenki. Lakini wewe uliruhusiwa na uliahidiwa kukatwa kwenye kodi, kwa hiyo una dai halali, mradi ulithibitishe. Kusanya risiti za duka la vifaa, ujumbe wa malipo ya fundi, na jina la fundi ambaye pengine alimsikia mzee akiridhia. Usijikatie mwenyewe 260,000 kwenye kodi ya Septemba kabla hajakiri. Ukifanya hivyo unageuka kuwa mpangaji mwenye malimbikizo, na kutolipa kodi ndiyo sababu nyepesi kuliko zote ya kukuondoa kihalali. Mpendekezee mpango: kwa mfano 20,000 ikatwe kila mwezi kwa miezi 13, deni liishe. Kwa bei ya 95,000 utakuwa unatoa mkononi 75,000, na mzee hatoi hata senti mfukoni.

Mkikubaliana, andikeni siku hiyohiyo. Karatasi moja inatosha: majina kamili na namba za NIDA za wote wawili, mtaa na chumba chenyewe, kodi kwa mwezi, tarehe ya kuanza na kumalizika, malipo yanafanyika kila baada ya miezi mingapi na kwa namba gani ya simu, notisi ya kuondoka na notisi ya kupandisha bei, deni la dari na linavyokatwa, nani analipa maji na umeme. Wekeni sahihi, kila upande na shahidi wake, nakala mbili. Kama mkienda mbele ya mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, ni vizuri zaidi, ingawa muhuri wake sio unaoufanya mkataba kuwa mkataba. Kuna pia ushuru wa stempu unaolipwa TRA. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Msipokubaliana na Agosti ikaisha, usikae kimya ndani ya chumba. Kukaa baada ya muda kwisha hakukuondolei wajibu wa kodi. Endelea kutuma 80,000 kila mwezi kwa namba ileile na kumjulisha kwa ujumbe kuwa ni kodi ya mwezi fulani. Akiirudisha, tunza ujumbe wa marejesho na uiweke fedha hiyo kando, usiile. Akiipokea kwa miezi 2 mfululizo, sheria inauchukulia upangaji wenu kuwa wa mwezi hadi mwezi, na hapo atalazimika kukupa notisi ya mwezi upya kabla ya kukutoa. Kitu cha kuepuka ni kulipa 120,000 hata mara moja "ili tu kelele ziishe". Malipo hayo ndiyo yatakayosomwa kama ridhaa yako kwa bei mpya.

Linalobaki ni la hatari zaidi. Vipi akifunga mlango kwa kufuli lake, akakata umeme, akang'oa bati au kukutolea vyombo nje? Hana mamlaka hayo, hata kama ungekuwa unadaiwa. Kumtoa mpangaji anayekataa kutoka ni kazi inayofanywa kwa amri ya baraza au mahakama, kupitia dalali wa mahakama aliyeidhinishwa. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe hawana uwezo wa kutoa amri hiyo, wala askari polisi kwa kuombwa tu na mwenye nyumba. Ikitokea, usipigane wala usivunje kufuli. Piga picha na video yenye kuonyesha mlango, vyombo na muda, ita majirani 2 washuhudie, andika orodha ya vitu vyako na vilivyoharibika, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Kama kuna vitisho, kipigo, kitu kimevunjwa au kimechukuliwa, nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Polisi wakikuambia mambo ya kodi si yao, wana haki. Wewe waeleze kuhusu uharibifu na vitisho, hayo ni yao.

Njia ya mashauri ina ngazi zake. Mwenyekiti wa mtaa anasuluhisha. Mwombe aandike kwenye daftari mlichokubaliana au kwamba mmeshindwana. Kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hili linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa linakupa cheti, na ndicho unachopeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu ulipofungua lalamiko Kata bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Ndiyo maana nakushauri ufungue Kata mara tu vitisho vya kutolewa vinapokuwa vya kweli, usisubiri Agosti: siku zinaanza kuhesabika, na nakala yenye tarehe iwe mkononi mwako. Ukifika Baraza la Wilaya, pamoja na maombi yako ya msingi omba zuio la muda, yaani amri ya kumkataza mwenye nyumba asikuguse mpaka shauri lisikilizwe. Bila zuio unaweza kushinda shauri ukiwa tayari umeshatupwa nje. Likibaki dai la fedha tupu, kama la dari baada ya kuhama, linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo.

Kama huna uwezo wa kulipa wakili, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ya Ilemela ikuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao hailipiwi. Nenda na karatasi zako zimepangwa kwa tarehe, ya zamani juu: malipo, ujumbe, picha, risiti za dari.

Na ukiamua kuhama, toa nawe notisi ya mwezi kwa maandishi, lipa maji na umeme wa mwisho, piga picha kila ukuta baada ya kutoa vyombo, na funguo umkabidhi mzee mwenyewe mbele ya shahidi huku mkiandikiana deni la dari. Funguo zikiachwa kwa mpangaji wa jirani, anaweza kusema hujarudisha chumba, na kodi ikaendelea kukuhesabia.